Moshi wa Mteremko wa Kusini na Nyota Mbili za Mwalimu

Nyie mnaofika kikao kimekwisha halafu mnanifuata kisimani kuuliza "mlisema nini": someni wenyewe, mimi si redio. Na anayecheka mwandiko wangu achukue kalamu, tumwone.

CHAMA CHA WAKULIMA, UYOLE
Jumamosi, 6 Oktoba 1956, ghala la chama

Waliohudhuria: Mzee Sedekia (mwenyekiti), Bibi Apolonia (mwandishi), Isakwisa, Rozalia na wajumbe wengine. Mgeni: Mwalimu Andendekisye wa shule ya misheni.
Hakuhudhuria: Didas. Alituma neno kwamba mguu unamuuma. Ameonekana akicheza bao.

KUMB. NA. 1/10/56: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliagiza sala fupi. Rozalia alisali ndefu.

KUMB. NA. 2/10/56: OMBI LA MWALIMU
Mwalimu aliomba tusichome mashamba ya kusini wiki ijayo. Alieleza kwamba lile wingu jeupe linalokaa chini kusini usiku si wingu, ni nyota tele, mbali kuliko zetu zote. Mle mna nyota mbili zinazozungukana. Moja ikifunika nyingine, mwanga hupungua. Yeye huzipiga picha kwa darubini ya misheni, na wenzake wa nchi za kusini wanajaribu kupima mbio zake. Hapo hujulikana ukubwa wa kila moja na inavyowaka kwa kweli. Ukilinganisha na inavyoonekana hapa, unapata umbali.

Mwandishi alisema ni kama karabai ya dukani kwa Halfani: ukali wake tunaujua, basi ukiiona ndogo kutoka mlimani unajua umefika mbali. Mwalimu alisema, "Ndivyo hasa, Bibi." Wengine walijifanya walishajua.

Alisema wiki ijayo kufunikana kunaangukia usiku. Baadaye kutaangukia mchana, halafu mvua. Mwaka jana moshi ulimharibia.

KUMB. NA. 3/10/56: MAJIBU YA MWENYEKITI
Mwenyekiti alikataa. Alieleza kwamba tangu babu yake, moto wa kwanza wa mwaka huwashwa kwenye mteremko wake wa kusini, ndipo wengine wafuate. Wote wakingoja, mvua itakuta majani hayajaungua na ulezi hautapandwa. Aliuliza, "Huko kwenye nyota wanalima nini, mwanangu?" Watu walicheka sana. Mwalimu hakucheka.

KUMB. NA. 4/10/56: VIOO
Mwalimu alitoa picha mbili za vioo; nyota zake mbili, zinazoonekana kama nukta moja, amezizungushia wino. Mwenyekiti alivishika dirishani. Alisema, "Hapa ipo. Hapa imefifia." Akauliza iko wapi picha ya katikati, ilipofunikwa kabisa.
"Hiyo ndiyo iliyoliwa na moshi, mzee."
"Moshi wangu?"
"Wako."
Mwenyekiti aliangalia vioo tena, muda mrefu, hata Isakwisa akakohoa.

KUMB. NA. 5/10/56: UAMUZI
Mwandishi alipendekeza mashamba ya kaskazini, nyuma ya misheni, yachomwe kwanza, asubuhi, ili kazi isilale. Mwenyekiti alikubali mteremko wake uwe wa mwisho mwaka huu. Alitaka iandikwe kwamba hakushindwa. Imeandikwa.
Akamwambia Mwalimu, "Ukiipata hiyo ya katikati, nataka kuishika mwenyewe." Mwalimu aliahidi. Akacheka, mara ya kwanza tangu aingie.

Kikao kilifungwa saa kumi jioni.

Sedekia, Mwenyekiti (dole gumba)
Apolonia, Mwandishi

AGIZO: Isakwisa, wewe unayesema kusini utawasha ukitaka: kibiriti chako kiwe mikononi mwangu kabla jua halijazama leo, kisha Jumatatu uje na jembe ukate njia ya kuzuia moto kaskazini.