Kaburi Nililolijua Vizuri Sana

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Ngara mjini.

Mvua imekatika sasa hivi na ukungu unapanda kutoka bondeni. Duka sijalifungua, maana leo sina uso wa kumwangalia mteja. Mama amejinyoosha kidogo kitandani kwangu, chumba cha nyuma. Kesho saa mbili asubuhi tunatakiwa ofisi ya vitambulisho, mimi na yeye.

Ninyi mnaonifuata hapa mnanijua kwa mambo mengine. Blogu hii niliianzisha kwa sababu ya ujuaji wangu. Kutwa nachapa barua za watu na kutoa kopi kwenye steshenari yangu, wateja wakipungua naandika mambo ya nchi hii ambayo wengi hatuyajui. Niliwaeleza habari za nzohe, yule mnyama wa kwenye mafunjo, ambaye akifukuzwa anazama majini na kubakiza pua tu. Niliwaambia kwamba maji ya Ruvubu yanayopita huku kwetu yanakutana na Kagera pale Rusumo, yanaingia Ziwa Viktoria, yanatoka na Nile na kwenda hadi Misri. Nikawaomba mkifua mtoni muwe na adabu, kuna watu mbele.

Halafu kuna ule umuvumu. Niliuandikia ukurasa mzima, mtakumbuka. Ni mti wa jamii ya mkuyu, na kila aina ya mkuyu ina nyigu wake mdogo anayeujua huo tu. Nyigu jike anapenya kwenye kitundu cha tunda hadi mabawa yanakatika, anataga mayai yake na kufia humo humo. Wengine mliniandikia kwamba hamli kuyu tena maishani. Mwishoni niliongeza la kwetu: kwamba umuvumu hausubiri mbegu, unakata tawi, unalichomeka ardhini, linachipua. Uzio wa boma la babu yangu kule Murukulazo ulichipua hivyo hivyo, ile miti ipo mpaka leo, na babu mwenyewe amelala pembeni yake.

Niliandika hivyo. Kama jambo la kweli.

Jumanne iliyopita niliitwa kuhojiwa kwa ajili ya kitambulisho cha taifa. Ni mara yangu ya pili kuomba, ya kwanza karatasi zilirudi. Sisi wa mipakani tunaulizwa zaidi, na sikuona ubaya, mimi maswali nayapenda. Kijana aliyenihoji alikuwa na adabu zake. Akauliza wazazi, akauliza kijiji, akauliza ukoo. Baba simjui, hilo nimeshawahi kuliandika hapa bila aibu. Nimelelewa na mama peke yake na jina ninalotumia ni la babu mzaa mama, kwa hiyo kwenye makaratasi yangu babu ndiye kila kitu.

Akauliza, "Babu amezikwa wapi?"

Nikafurahi. Hapo nikamwaga yote. Murukulazo, juu ya shamba la kahawa, mawe yamepangwa kuzunguka, na kila pembe kuna mulamula, ule mmea wa majani marefu membamba unaopandwa mipakani na makaburini. Nikamwambia kwamba mulamula haufi, hata uung'oe uutupe kichakani utashika. Nikamwambia kila Novemba, siku ya marehemu wote, mama analipalilia na katekista anapita na maji ya baraka. Kijana anaandika tu. Akasema nilete barua ya kijiji na mzee mmoja wa kushuhudia. Basi ningenyamaza hapo nikaenda zangu. La, nikajitia kimbelembele. "Hata picha ya kaburi naweza kuleta," nikasema.

"Hiyo itasaidia sana," akasema, na akaiandika.

Hakuna aliyeniomba picha. Naliandika hili ili nisije nikajisahaulisha.

Jana asubuhi nikachukua bodaboda hadi Murukulazo. Nilimkuta mama anaanika maharage kwenye turubai, mawingu yakiwa yameshaanza kujikusanya. Nikamsalimia, nikamsaidia kukusanya, nikamweleza safari yangu. Nikatoa simu. Mama akanifuata hadi kwenye kaburi, na nilipotaka kupiga akaja kusimama mbele ya kamera.

"Usipige."

Nikadhani anaona vibaya kwa sababu ya magugu. Nikamwambia nitayang'oa mwenyewe. Akasema, "Editha, hapo hakuna mtu."

Sikuelewa. Nikamuuliza hakuna mtu vipi. Akakaa chini kwenye majani, na miguu yake ile mibovu, akanieleza kwa Kihangaza, polepole, kama mtu anayepitisha uzi kwenye sindano.

Mama alivuka Ruvubu kutoka upande wa Warundi, akiwa mgongoni kwa babu. Alikuwa mdogo, anachokumbuka ni mafunjo kumkwaruza usoni na babu kumwambia asilie. Walikuwa watu wengi waliokimbia, na kwenye purukushani za mtoni bibi yangu, mama yake, wakampoteza. Babu akafika Murukulazo, akapewa mahali na baba yake Mzee Anatori, jirani yetu. Akakata matawi ya umuvumu, akazungushia boma. Akakaa hadi yakatoa majani. Yalipotoa majani akamwacha mama kwa wale majirani na kurudi ng'ambo kumtafuta mke wake.

Hakurudi. Hakuna aliyeleta habari yake, awe hai au maiti.

Mama akakua pale kama mtoto wa nyumba. Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa karibu, hakuna aliyemsikia tofauti. Alipokuwa msichana, watu wakaanza kuulizana nani wa wapi, nani alikuja lini. Ndipo baba yake Mzee Anatori akachukua jembe, yeye na mwanawe, wakainua tuta pembeni ya boma, wakapanga mawe, wakapanda mulamula. Mama alibeba mawe kwa kikapu. Yule mzee akamwambia, "Sasa na wewe una pa kuonyesha."

Zaidi ya miaka arobaini mama amepalilia tuta lile. Mimi nimewasha mishumaa pale tangu sijaanza shule. Nimepiga magoti, nimemweleza babu habari za mitihani yangu.

Sasa niseme lililo baya, maana hapa ndipo mahali pake. Sikumhurumia mama. Nilimkasirikia. Nilitamani angenyamaza. Simu ilikuwa mkononi, kaburi liko palepale limependeza, na kilichonijia kichwani ni kwamba ningewahi kubonyeza kabla hajafungua mdomo, leo ningekuwa na picha yangu na usingizi wangu. Nikamwuliza, "Kwa nini unaniambia leo?" Nilimwuliza kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mama yangu. Alikuwa anang'oa magugu kwa mkono palepale alipokaa. Mazoea.

Jioni Mzee Anatori akaja, na buti zake za mvua na fimbo. Yeye ndiye nilipanga awe shahidi wangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu. Nasikia kuna safari ya mjini."

Nilitaka kumwambia hakuna safari. Kabla sijasema, mama akamweleza kwamba nimeshajua. Mzee akatikisa kichwa, akaketi, akasema kwake hakuna tatizo, kesho kutwa atakwenda na ataapa. "Jembe nilishika mwenyewe," akasema. "Wakiniuliza kaburi lipo, lipo. Mimi sikusema kuna mtu ndani."

Nikacheka. Kweli nilicheka, na moyo ukapata nafuu kidogo, nikaona njia imepatikana. Mzee ataapa, barua ya kijiji ipo, picha nitapiga asubuhi mapema mama akiwa misani. Nilishapanga yote.

Mama ndiye hakucheka. Akamwambia, "Anatori, wewe ni mtu wa komunyo. Baba yako aliubeba uongo huu kwa ajili yangu na amekufa nao. Wewe usiubebe." Halafu akanigeukia mimi. "Nitakwenda mwenyewe na huyu. Nitawaambia nilivuka mgongoni."

Mzee Anatori akabishana naye sana. Akamwambia wewe umezikia watu hapa, umezalia hapa, unatafuta nini na uzee huu? Mama akasema hatafuti kitu. Akasema tu, "Nimechoka kupalilia udongo mtupu." Mzee alipoondoka alisahau fimbo yake, na mama alikaa ameishika muda mrefu.

Leo baada ya misa tukaja mjini, mimi na mama. Njiani nilikuwa naomba abadilishe mawazo. Yule kijana wa ofisini ana adabu, ndiyo, lakini adabu yake siijui itaishia wapi. Nimechapa barua nyingi za watu wenye mambo kama haya, wengine walirudi kunishukuru, wengine sikuwaona tena. Sijui ni lipi litampata mama. Kitambulisho changu kimenitoka akilini kabisa. Ninachoogopa ni mama yangu kuulizwa kwao ni wapi, na yeye kwao ni pale penye maharage yake.

Na aliyelianzisha ni mimi, na picha yangu.

Mchana, kumsahaulisha, nikamsomea niliyokuwa nimeandika Ijumaa, kabla sijajua lolote. Mama anapenda kusomewa blogu, anasema ndiyo redio yake. Ilikuwa habari ya chura wa Kihansi. Ni chura mdogo kama ukucha, anazaa watoto badala ya kutaga mayai, na duniani kote alikuwa anaishi mahali pamoja tu, kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Maji yalipopungua, wataalamu wakachukua baadhi yao kwa ndege wakaenda kuwalea ng'ambo, Marekani. Hapa nyumbani wakatoweka. Kule wakazaana, wakazaa waliozaliwa hukohuko, ambao Udzungwa hawajawahi kuiona. Miaka ikapita, wakarudishwa. Nilikuwa nimemalizia kwa mbwembwe: karibuni nyumbani, wananchi.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Na hao waliorudi, waliulizwa babu zao walizikwa wapi?"

Nikasema hapana, mama.

"Ni vizuri," akasema. Hakuwa anatania. Aliwafurahia kweli wale vyura, na mimi nikatoka nje kwenda kulia karibu na tangi la maji, kwa sababu mlangoni kuna majirani.

Niliporudi nikamwuliza kama naweza kuandika haya, au niyaache. Nilimweleza wazi kwamba watu watasoma, kwamba hata huko ofisini wanaweza kusoma. Akasema niandike yote kabla ya kesho, isije ikaonekana tumeyasema kwa sababu tumebanwa. Basi haya ndiyo yote. Ule ukurasa wa umuvumu nimeufungua na kurekebisha. Habari za nyigu nimeziacha, ni za kweli, na habari ya tawi linalochipua ni ya kweli pia. Nimeondoa sentensi moja tu, ile ya babu kulala pembeni. Siku zote nimewaandikia msiyoyajua ninyi. Nisilolijua mimi mwenyewe sijawahi kuliandika hata moja, na kumbe lilikuwa hapo hapo ninapowasha mishumaa.

Miti ya umuvumu itabaki. Huo ni mkono wake kweli, alikata na kuchomeka mwenyewe. Nimejaribu kujiliwaza kwa hilo na haijasaidia sana.

Mama ameamka. Amekuja na kitenge mabegani, amekaa kwenye kiti cha wateja, na mimi nimechukua fomu mpya, nianze upya sehemu ya mama. Nimejaza fomu hii kwa watu sijui mara ngapi na sijawahi kukwama. Jina lake. Mahali alipozaliwa, hapo nikaandika alivyoniambia, ng'ambo ya Ruvubu. Jina la baba yake.

"Hapo pa kuzikwa umeandika nini?" akaniuliza.

Nikamsomea. Haijulikani.

Akafikiri. Akasema, "Ongeza kwamba alikuwa anakwenda kumtafuta mama yangu."

Nikamwonyesha kwamba fomu haina nafasi ya hayo, kuna mstari mmoja tu na umeshajaa. Akauangalia ule mstari, ingawa hajui kusoma, kisha akaniangalia mimi, akingoja.

Nimeyaandika pembeni, kwa mkono.