Uzito wa Mbele

Dubai Silicon Oasis
7 Novemba 2025

Kwa Nyanya mpendwa,

Habari ya Mwingi? Goti lako limepoa, na mvua imewafikia? Sisi tu wazima. Mama anakusalimu, na Nick ameng'oka jino. Naandika kwa kalamu kisha napiga picha, maana ulisema maneno ya simu hayana sura ya mtu.

Baba amenunua trela ndogo ya kulala kutoka kwa jirani aliyehama. Ni chumba kwenye magurudumu mawili, na ndani mna vitanda, jiko na tangi la maji. Ijumaa tarehe 28 tunaivuta hadi Hatta, milimani. Trela ikiunganishwa inakandamiza gari upande wa nyuma, kwa hivyo inahitaji kiungo chenye vyuma viwili virefu vya kuugawa ule uzito, ili magurudumu ya mbele nayo yabebe. Vyuma hivyo huchaguliwa kwa kilo. Mimi ndiye niliyesoma kitabu, nikapima pua ya trela, pale inapoungana na gari, kwa mizani ya bafuni. Kilo sitini.

Dukani Al Quoz tulikokwenda kuvinunua, muuzaji anaitwa Bwana Faris. Ni Mwarabu, lakini mama yake ni wa Unguja. Akaniuliza, "Mwanangu, umeipima tupu au imeshapakiwa?" Nyanya, Kiswahili chake kimenyooka, na changu unakijua. Nikaona haya kufungua mdomo, nikaitikia kwa kichwa tu. Baba akasema, "Imepakiwa. Huyu wangu hakosei." Wakachagua vyuma vyepesi.

Ilikuwa tupu.

Mjukuu wako,
Terry

Mwingi
11 Novemba 2025

Terry wangu,

Nimekusoma mara mbili. Goti linauma kidogo kidogo, mvua imepiga chenga. Mwambie Nick jino alitupe juu ya paa.

Hiyo trela yenu mimi naijua. Ni mkokoteni wa punda uliowekewa vitanda. Nimeuza maji miaka kumi na minane na punda. Ukipakia sana nyuma, punda ananing'inia. Ukipakia sana mbele, anapiga magoti. Na hakuna siku nilipima mkokoteni mtupu, kwa sababu punda havuti mkokoteni mtupu kwenda sokoni.

Mwambie babako. Dakika mbili tu.

Nyanyako

Dubai Silicon Oasis
19 Novemba 2025

Nyanya,

Shikamoo. Pole na goti, Mama anasema ulikande na maji ya moto.

Sijasema. Jana jioni tuliipakia: maji, mtungi wa gesi, unga, sufuria zote za Mama na mkaa wa nyama, karibu vyote kwenye kabati la mbele. Tukazunguka mtaa kuijaribu. Gari liliinama nyuma, taa zikawa zinaangalia ghorofani. Kila dereva aliyetoka mbele yetu alituwashia taa. Baba akawa anawapungia mkono. "Unaona watu wa hapa? Wanapenda trela yetu." Mama alicheka. Mimi nilikuwa nyuma na Nick nikihisi gari linavyoyumba hata kabla Baba hajasema, "Leo usukani ni mwepesi."

Nashindwa kumwambia Baba. Ameniamini mbele ya mtu. Nyanya, tafadhali mwambie wewe. Wewe humwogopi.

Mjukuu wako,
Terry

Mwingi
21 Novemba 2025

Terry, mjukuu wangu,

Salamu zako zimefika. Goti liache, leo tuna neno lingine.

Sitamwambia. Si kwa ukali, ni kwa sababu mimi mwenyewe sistahili. Lile kovu la kidevuni mwa babako, umesikia kwamba punda alijikwaa shimoni. Hapakuwa na shimo. Nilikuwa na haraka, nikapanga mitungi minane yote mbele, na babako Samuel nikamkalisha juu yake. Alikuwa na miaka saba. Tulipoanza kuteremka punda akapiga magoti, mtoto akaruka akaangukia jiwe. Watu walipokuja nikasema, shimo. Nimesema shimo mpaka leo.

Nilimpa punda lawama yangu. Wewe usimpe babako barabara ya milimani na vyuma vya uongo. Yeye, mama yako na Nick wamo humo ndani.

Nyanyako anayekupenda

Dubai Silicon Oasis
1 Desemba 2025

Nyanya,

Natumaini umeamka salama. Sisi sote tuko nyumbani, wazima. Nilichelewa kuandika kwa sababu Hatta tulikwenda Jumamosi badala ya Ijumaa.

Alhamisi Baba alikuwa akifunga kabati la mbele. Nikasema, "Baba." Akasema ngoja. Nikasema tena, halafu nikamaliza yote bila kupumua. Tukapima ikiwa imejaa: kilo mia moja na kumi na nane. Akaketi kwenye ngazi ya trela.

"Mbona ulinyamaza?"

"Niliona haya."

Akawa anasugua kidevu. Akaniuliza kama najua kovu lile lilitoka wapi. Nikasema, punda na shimo. Akasema, "Hakukuwa na shimo. Mitungi yote ilikuwa mbele, mimi nilikuwa nimeikalia. Lakini mama yangu alikuwa ameogopa sana, nami nikawaambia watu ndiyo, ni shimo."

Ijumaa tulirudi kwa Bwana Faris. Nilisema kwa mdomo wangu, kilo zote, na kwamba mara ya kwanza ilikuwa tupu. Akasema, "Haya, khalas, yamekwisha, tunabadilisha. Sema tu mwanangu, mimi siumi." Tukachukua vyuma vizito zaidi, mkaa na sufuria tukavisogeza katikati. Njia nzima hakuna aliyetuwashia taa. Baba alisikitika kidogo.

Alinikataza nisikuambie kwamba anajua kuhusu shimo. Sijakuambia. Nimekuandikia.

Mjukuu wako,
Terry

Mwingi
3 Desemba 2025

Terry,

Nimempigia babako simu. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri. Kabla sijafika kwenye mitungi akanikatiza, akaniuliza, "Mama, yule punda alikufa mwaka gani?" Hapo nikajua amejua umeniandikia.

Tulimzungumzia punda saa nzima.

Goti limepoa.

Nyanyako