Holen, Neno la Sista wa Zahanati

Issuna

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Shikamoo yako tumeipokea, mimi na bibi yako. Alizeti tumeshavuna, na mguu wake umepona.

Unasema Kijerumani kinakutesa huko chuoni, ukauliza kama nakumbuka neno lolote la yule Sista Mjerumani wa zahanati yetu. Nakumbuka *holen*. Kufuata maji, kufuata dawa, kumfuata mtu, kwake yote yalikuwa *holen*.

Miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa tena, bibi yako alishikwa uchungu na mtoto hatoki. Sista akanituma nimfuate mwenye duka, maana ndiye pekee mwenye pikapu ya kumfikisha bibi yako hospitali. Nikamkuta anakula. Kwa adabu zetu nikanawa, nikala, nikaulizwa habari za mifugo, nikajibu. Ndipo nikasema shida yangu.

"Mkeo yuko hatarini, nawe unamega ugali!" akafoka, akakimbilia gari.

Tulipofika zahanati, mtoto alikuwa analia. Nikaganda mlangoni. Sista akanigusa kifua: "*Luft holen*." Yaani, kafuate pumzi. Nikavuta pumzi, machozi yakanitoka.

Mtoto yule ndiye mama yako. Siku ya mtihani, kabla hujashika kalamu, fuata pumzi kwanza.

Ni mimi babu yako, ambaye siku hizi husema shida yake mlangoni.