Chapa Chini ya Mtutu

Jumapili, saa kumi jioni, theluji inaanguka. Mwenzangu, tumetoka kwa mzee Orville sasa hivi, mimi na mume wangu Wendell.

Wendell, mtaalamu wa silaha za zamani, aliitwa kuikagua ile bunduki ya Kijerumani ambayo mzee alisema alirudi nayo kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Kesho ilikuwa iende makumbusho pamoja na picha ya mzee.

Akaipindua. Chini ya mtutu pana chapa ya kampuni iliyoiingiza Marekani. Chapa hizo zilianza kupigwa miaka arobaini baada ya vita. Arobaini!

Marlene, binti wa mzee, alikuwa ameziba mlango pamoja na ukoo mzima. "Haya, bwana mtaalamu, umemeza ulimi? Ni ya baba au si ya baba?"

"Ni bunduki halisi ya vita," Wendell akasema.

"Hatukukuuliza hilo!"

Hakuwa na pa kutokea. Mzee mwenyewe akamtazama. "Wasomee chapa, kijana."

Wendell akasoma. 

"Yangu niliitupa mtoni kabla sijafika nyumbani," mzee akasema. "Wajukuu walipong'ang'ania kuiona, nikanunua hiyo."

Marlene amewapigia simu makumbusho waje wachukue picha peke yake. Wendell ameirudisha bunduki ukutani. Mzee Orville ameomba pai, akaila yote.