Mkaguzi Aliyekula Mwisho

Mjukuu wangu Achieng',

Shangazi yako Auma ameniambia leo asubuhi kwamba kibali cha nyumba yake kimetoka. Sisi wengine hapa Homa Bay tu wazima.

Umeuliza kama ofisi yenu ya ukaguzi inaweza kwenda haraka bila kuongeza watu. Inaweza. Miaka ya tisini, nikiwa mwandishi wa habari Migori, niliona. Mkaguzi wa majengo alikuwa mmoja, na kila kiwanja alichofika alikalishwa kula kwanza, kwa kuwa mgeni haondoki na njaa. Kwa siku alimaliza viwili tu. Kwingine mvua ilibomoa mitaro ya msingi iliyongoja saini yake. Mtaro wa Mama Atieno, mjane aliyekuwa akijenga mtaani kwetu, ulikuwa umeporomoka mara moja tayari, naye akauchimba upya. Kama ungeporomoka tena, hakuwa na uwezo wa kuuchimba mara ya tatu.

Siku mkaguzi alipofika kwake, Mama Atieno alimzuia mlangoni.

"Jaduong', mzee wangu, leo hukai kula. Kagua mtaro wangu, kagua wa jirani, maliza mtaa wote. Samaki iko kwangu, ukimaliza tutakula pamoja."

"Na wakisema nimewadharau?"

"Waambie ni mimi nimekunyima kiti."

Majirani walicheka, wakakubali. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umekaguliwa na zege ya Mama Atieno imemwagwa. Mkaguzi alipokuwa akinawa mikono, watu wa mtaa wa pili walimwomba awapangie siku yao ya kukaguliwa vivyo hivyo. Akawapa Jumanne, saa mbili asubuhi.

Nyanya yako