Nukta Inayochungulia

Peishan, kilichonishtua kwanza ni kutajiwa mji wa Hualien. Yule muuzaji wa studio ya picha za harusi kaniuliza, "Hualien kulikuwaje, mdogo wangu?" Mimi sikumwambia mtu yeyote pale kwamba nilikwenda huko.

Mama yake mchumba wangu Junhong, mkwe wangu mtarajiwa, alikuwa kando yangu anapapasa magauni.

Muuzaji akacheka. "Usione haya. Ile barua pepe yetu ya picha za bibi harusi peke yake umeifungua tena na tena. Hata ukiwa Hualien."

Peke yake. Kasema hivyo mbele ya mkwe. Peke yake.

Mama mkwe akageuka. "Peke yake vipi? Mwanangu atakuwa wapi, nje anakushikia mkoba?"

Nikasema niligusa kwa bahati mbaya.

Binamu yako Yanting, fundi wa simu, kanieleza sasa hivi. Ndani ya barua wanaficha kijipicha kidogo kama nukta, huwezi kukiona. Ukifungua tu, simu inakwenda kukichukua kwao, nao wanajua umefungua saa ngapi na uko mji gani.

Watu wazima, wamevaa suti, kazi yao kuchungulia kama watoto kwenye tundu la choo. Halafu wanakuita mdogo wangu.

Yanting kanizimia picha, zisijifungue zenyewe kwenye barua. Sasa wachungulie giza.

Kinachoniuma ni kwamba nukta yao imejua kabla yako. Peishan, gauni nalitaka. Junhong simtaki.