Mashine Inayogoma Kila Asubuhi

Jumatatu, 12 Januari

Taa nyekundu tena. Mashine ya sola imekataa kuamka, kama jana na juzi. Betri tupu, friji kimya. Dawa ya Mama, ile ya sindano za sukari, nimeihamishia kwenye chupa ya chai yenye barafu. Barafu nimeomba kwa jirani, ambaye bado anatumia umeme wa nguzo na ambaye mwaka jana nilimwita mtumwa wa nguzo mbele ya watu. Alinipa huku akitabasamu. Sijawahi kuchukia tabasamu namna ile.

Adhuhuri mashine ikawaka yenyewe. Hakuna aliyeigusa.

Kaka Twalib alipiga simu kutoka Malindi. Mwisho Ijumaa, anasema. Ikigoma tena, Jumamosi anakuja kumchukua Mama akakae kwake, kwenye umeme wa uhakika na mke asiyebisha. Nikamwambia kutobisha si sifa, ni dalili. Akakata simu.

Mama hataki kwenda. Anasema kule kazi yake itakuwa kukaa kitako na kuulizwa kama amekunywa maji. Nami sitaki aende. Niandike wazi, maana hapa hakuna wa kunicheka: nyumba hii bila yeye ni vitabu na kelele zangu tu.

Jumanne, 13 Januari

Fundi Karisa amekuja kutoka Gede. Alasiri, kama kawaida yake. Asubuhi zake zote ni za hoteli za Watamu.

Mashine inalalamikia hitilafu ya ardhi. Karisa alinieleza kama anayehutubia uwanja mzima. Umeme unatoroka kwenye waya, unapita kwenye fremu ya paneli, unashuka ardhini. Mashine ikihisi hivyo inajifunga, isije ikaua mtu. Nimeelewa. Hata mimi ningejifunga.

Akapima. Safi. Akapima tena. Safi. Akasema ni umande. Nikamuuliza umande gani unaozima nyumba yangu na kuacha paneli za Kilifi nzima. Akasema basi ni kunguru. Kunguru! Ati wanadonoa waya. Nchi hii kila asiyejua jambo ana kunguru wake. Sentensi hiyo nimeiweka, itafaa kwenye makala.

Jumatano, 14 Januari

Imegoma.

Nimeandika makala dhidi ya mafundi, waagizaji wa paneli na wizara. Kali mno. Nilimsomea Mama. Nilipofika penye "uzembe unaotendeka juu ya mapaa yetu" alikohoa, akaenda jikoni, hakurudi. Nadhani ilimgusa.

Kisha nikampigia Karisa. Nikamwambia ugonjwa wa asubuhi haupimwi alasiri. Kesho aje alfajiri, au asikanyage tena Kibarani.

"Bi Zuhura," akasema, "wewe ungekuwa mashine, mimi ningekata waya mmoja tu, nikapumzika."

Nilicheka. Baada ya kukata simu, si kabla.

Alhamisi, 15 Januari

Karisa alifika jua halijapanda. Saa hizo mimi huwa nimeshaswali na kurudi kulala. Tukapanda ngazi ya nje hadi paani, yeye mbele na mita yake, mimi nyuma na hasira yangu.

Tukamkuta Mama.

Amechutama, kanga begani, beseni pembeni. Anapanga embe. Vipande vya embe mbichi vilivyolala usiku kucha kwenye maji ya chumvi, sasa vimetandazwa juu ya paneli yangu. Maji yanachuruzika ukingoni, yanaingia chini. Na huyu ndiye mama ambaye Kaka alimkataza kupanda hata kidato kimoja cha ngazi, kwa ajili ya magoti.

"Shikamoo, Bi," Karisa akasema, kwa adabu ambayo mimi hajawahi kunipa.

"Marahaba, baba. Angalia usinikanyagie."

Nikauliza kwa nini hapa, jamvi lipo.

"Jamvini paka wanalala. Hapa wanateleza. Na moto wake mzuri, adhuhuri zishakauka, nazishusha."

Ndiyo hiyo. Asubuhi maji ya chumvi, mchana jua, alasiri Karisa. Hakuna embe, hakuna maji, hakuna hitilafu.

Karisa akaingiza mkono chini ya paneli, akatoa pale waya mbili zinapoungana. Peupe kwa chumvi, na kifuniko kimelegea. Nikauliza nani alikikaza. Akatazama minazi. Alikikaza mwenyewe.

Akabadilisha kiungio, akaosha paneli kwa maji matamu, akafuta, akapima. Taa ya kijani.

Embe hizo ni za achari, na achari ni ya nani? Ya Twalib. Mwanawe kipenzi, kila msimu lazima apelekewe chupa yake. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Maisha yangu yote ya ubishi sijapata hoja tamu kama hii. Kaka, nyumba yangu ilizimwa na achari yako!

Mama akanishika mkono.

"Usimwambie, Zuhura. Atasema nimezeeka, sijui nifanyalo. Atanichukua kwa hilo."

Nimekaa nayo mdomoni mpaka baada ya Isha. Inawasha kama pilipili.

Ijumaa, 16 Januari

Mashine imeamka na jua. Friji inanguruma, dawa imerudi mahali pake.

Kaka alipiga simu baada ya swala. Ilikuwa nini? Waya ulilegea, nikasema.

"Si nilikwambia?" Akaanza. Mafundi wangu wa vichochoroni. Kichwa changu kigumu. Vitabu vinavyowapa wanawake kiburi. Nilikuwa na jibu kwa kila sentensi, nyingine mawili mawili. Mama alikaa mbele yangu, ananitazama mdomo.

"Kweli, Kaka," nikasema. "Umesema kweli."

Kisha akauliza kama ninaumwa.

Jumamosi, 17 Januari

Kaka hakuja.

Mama kachelewa kuamka. Nilimsikia jikoni, anasogeza sufuria, anaimba wimbo wa harusi. Maneno ya nusu ya pili kayasahau, akajaza ya kwake. Mimi nayajua yote.

Sikumsahihisha.